Faili la Mzee

Odeta akikasirika haongei. Mimi nikikasirika stendi nzima ya Buzuruga inapata habari, lakini yeye hunyamaza, akachukua kitambaa na kuanza kufuta kioo cha kompyuta ambacho hata vumbi hakina. Kwa hiyo Ijumaa ile mchana, nilipomwona anafuta kioo, nilijua limeharibika jambo na wala si dogo.

Lakini nianze mwanzo, nisije nikaonekana nampaka mwenzangu matope.

Mimi na Odeta tumepanga fremu moja ya duka nyuma ya stendi. Upande wangu kuna mashine ya kopi, kamera ya picha za paspoti na kiti chekundu cha mteja. Upande wake kuna meza, bisibisi za kila saizi na laptop za watu zilizofunguliwa matumbo. Ni Mhaya wa Muleba, ana miaka thelathini na minne. Alikuja Mwanza kusoma chuo, akaishia mwaka wa pili baba yake alipofariki, na ufundi mwingi alionao aliupata kwa kuharibu vya kwake mwenyewe. Mimi naitwa Sihaba, yeye ananiita mama Nusrat. Miaka tisa tumekaa pamoja, tumegombania feni, tumegombania redio, tumegombania hata nani afagie, lakini kazi yake sijawahi kuitilia shaka, na sababu ni lile daftari.

Analo daftari kubwa la jalada gumu. Hafungui mashine ya mtu kabla hajaandika humo jina la mwenyewe na vitu anavyotaka vihifadhiwe. Mwenye mali aseme kwa mdomo wake, Odeta aandike maneno yaleyale bila kuyapamba, kisha mtu atie sahihi. Akishanakili vitu kwenye diski yake, mwenyewe lazima aje akae avitazame kimoja kimoja ndipo cha zamani kifutwe. "Bila macho ya mwenyewe sifuti," ndivyo anavyowaambia wateja, hata wenye haraka, hata wakubwa wa ofisi wanaosonya mlangoni. Miaka tisa hakupoteza faili la mtu hata moja, na nisiwe mnafiki, majivuno kidogo alikuwa nayo.

Alhamisi, mnamo saa nne asubuhi, aliingia mama mmoja mwembamba amevaa nguo nyeusi, amebeba kitu kwenye kitenge kama mtu aliyebeba mtoto. Akatuamkia, akakifungua. Kilikuwa kilaptop, vile vidogo vya zamani ambavyo wanafunzi wa chuo walikuwa wanatamba navyo, kioo chake hakizidi daftari la shule. Jina lake alisema ni Teodora, anatoka Buhongwa, ni mjane, na anaomba kilaptop hicho kiamke kabla ya Jumamosi saa nne.

Nilimvutia kiti, maana macho yake yalionyesha hajalala siku kadhaa. Habari yake ilikuwa hivi. Mumewe Venant alifariki miaka mitatu iliyopita, na kilaptop kilikuwa chake. Teodora akabaki kwenye mji wa wakwe, akimtunza baba mkwe, mzee aliyekuwa amepofuka jicho moja na miguu imemshinda. Mwaka jana mzee aliagiza kilaptop cha marehemu mwanawe kiletwe, akamwambia mjukuu wake Gladness, binti ya Teodora, awashe kamera. Akasema kwa mdomo wake kwamba nyumba na kiwanja chake vibaki kwa Teodora na watoto. Mwezi uliopita mzee naye akafa. Jumamosi ukoo unakaa kikao cha kumaliza msiba, na shemeji yake Alexander, mtoto wa mwisho wa mzee, anasema hayo maneno hayapo. Anataka mahali hapo ajenge fremu za maduka, maana Buhongwa sasa barabara imekuwa mji.

Odeta akamuuliza kwa nini asinakili tu video hiyo kwenye simu. Teodora akasema alilifikiria, lakini Alexander amewaambia wazee kwamba siku hizi sauti na sura za watu zinatengenezwa kwenye simu, kwa hiyo hatakubali chochote isipokuwa ile mashine yenyewe ambayo mzee aliongea mbele ya kamera yake. Na wazee wakamwunga mkono. Shida ni kwamba mashine yenyewe ukiiwasha inachukua nusu saa, halafu inaganda, halafu inazima. Mbele ya kikao itamwaibisha, na akiaibika hapo amekwisha, yeye na watoto wake watatu wataondoka na masufuria yao.

Odeta aliigeuzageuza, akaiwasha, akaisikiliza inavyohema. Akamweleza kwamba diski ni nzima, ila mfumo uliomo umeizidi nguvu. Upo mfumo mwingine unaitwa Linux, na ndani ya Linux zipo aina nyepesi kabisa zilizotengenezwa kwa ajili ya vikongwe kama hiki. Akiingiza huo, kitaamka chini ya dakika moja. Ni kumtua punda magunia mawili abaki na moja.

Kisha akafungua daftari. Akamuuliza cha kuhifadhi ni nini.

"Faili la mzee," akasema Teodora.

Odeta akamuuliza faili hilo linaitwaje, limeandikwaje mle ndani. Teodora akainamisha kichwa, akasema tena, la mzee. Odeta akamuuliza mara ya tatu, taratibu, kwamba kila faili lina jina lake, hili lake ni lipi. Yule mama akashika pindo la kitenge akalikunja na kulikunjua, akasema ni hilohilo, la mzee tu. Mimi nilidhani hajui kompyuta na anaona haya. Odeta naye alidhani hivyohivyo. Akaandika: faili la mzee. Teodora akatia sahihi, akaondoka upesi kwa sababu ndugu wa msiba walikuwa wanawasili na Gladness yuko jikoni peke yake.

Mchana Odeta alichomeka flash yenye Linux, akaiwasha mashine kwa kutumia flash, bila kugusa diski, ili achungulie yaliyomo. Nilikuwa nimesimama nyuma yake na kikombe cha chai. Mafolda yalikuwa mengi, ya chuo, ya picha, ya nyimbo, na katikati yake folda moja imeandikwa MZEE. Ndani kulikuwa na video nne. Alipojaribu kuicheza moja mashine ikakwama, lakini picha yake ndogo ilionekana: mzee mwenye mvi, amekaa kwenye kiti, anaongea. Akainakili folda yote kwenye diski yake.

Hapo ndipo alipotakiwa kusubiri. Alimpigia Teodora simu, haikupatikana. Akapiga tena, haikupatikana. Akaegemea kiti akasema ni bora asubiri mwenyewe aje kesho atazame. Nami, Mungu anisamehe, nina mdomo. Nilimwambia kesho ni Ijumaa, akianza kesho na umeme huu wa kukatika atamaliza lini. Nikamwambia mwenyewe kasema la mzee, mzee huyo hapo amekaa kwenye kiti, au anataka malaika ashuke amthibitishie.

Akacheka. Akaanza kuuingiza mfumo. Kioo kikauliza kama uwekwe pembeni ya ule wa zamani au diski yote ifutwe, naye akachagua kufuta, kwa sababu ule wa zamani ulikuwa umevurugika hata pembeni hapakuwa na nafasi. Saa kumi na moja jioni kilaptop kiliamka kwa sekunde arobaini, safi kabisa, na sote wawili tukakipigia makofi.

Ijumaa saa sita Teodora alirudi. Alikaa kwenye kiti changu chekundu, Odeta akamwekea video ya kwanza. Yule mzee mwenye mvi akaanza kusoma matangazo ya kwaya: mazoezi Jumatano, sare zishonwe mapema, sauti ya pili wanachelewa. Teodora akatazama kwa muda, akasema huyu ni mwenyekiti wa kwaya ya Venant, vijana wote walimwita Mzee. Akaomba awekewe lile lenyewe sasa.

Zote nne zilikuwa za kwaya. Ndipo Odeta akachukua kitambaa.

Kwa sauti ndogo akamuuliza, lile lenyewe lilikuwa linaitwaje. Teodora alifungua mdomo akaufunga. Machozi yakamtoka lakini jina halikutoka. Akatoa simu, akampigia binti yake, akaongea naye Kisukuma maneno mawili matatu, kisha akamkabidhi Odeta simu. Odeta akaiweka sauti kubwa. Gladness akatuamkia, akasema folda aliitengeneza yeye mwenyewe siku babu aliporekodi, na aliiandika jina la babu, Malimi.

Nikamgeukia yule mama nikamuuliza kwa ukali kwa nini hakusema neno hilo jana, herufi sita tu, na nyumba yake iko hatarini. Akanijibu akitazama sakafu. Alisema kwao mke hamtaji baba mkwe kwa jina. Hamtaji akiwa hai na hamtaji akifa, na kama kuna mtu mwingine mwenye jina hilo hilo, huyo naye humtafutia la kumwitia. Ameishi kwenye mji ule miaka kumi na tisa na neno hilo halijawahi kupita mdomoni mwake, wala kuliandika. Jana alitaka kulisema, alijaribu, likakataa.

Mimi nimekulia hapahapa mjini, wazee wangu wamechanganyika kutoka kila upande, desturi hiyo nilikuwa naisikia juu juu tu. Odeta alikizima kilaptop pale pale, hakukizima kwa taratibu, alikishindilia kidole kwenye swichi mpaka kikafa. Akachukua bisibisi akaanza kuchomoa diski.

Teodora akauliza kama limepotea. Odeta akasema hajui bado, aende nyumbani, atampigia simu kabla jua halijazama. Alipotoka tu, mimi nikafunga nusu ya mlango. Nikamwambia Odeta nililoona ni la akili: ikishindikana, aseme diski ilikuwa imeoza, ilikufa yenyewe. Nani atajua? Mashine yenyewe kikongwe. Jina lake la miaka tisa asiliue kwa jambo moja. Akaendelea kufungua skrubu. Nikarudia, tena kwa kirefu, ndipo akasema, "Mama Nusrat, kazi hii inataka ukimya." Basi nikanyamaza, na kunyamaza kwangu si kitu cha kila siku.

Baadaye, mashine ikiwa imeanza kazi, alinieleza kwa vidole juu ya meza. Kufuta diski si kuchoma kitabu. Ni kuchana ule ukurasa wa mbele unaoorodhesha yaliyomo. Kurasa zenyewe zinabaki, ila hakuna anayejua ziko wapi, na kila kitu kipya kinachoingizwa kinaandikwa juu yake. Mfumo mzito ungeandika juu ya kurasa nyingi. Huu wa Linux kwa kuwa ni mwepesi umekula kurasa chache, na kama Mungu anapenda, haukukalia uso wa mzee. Ndiyo maana aliizima upesi, kwa sababu kila dakika inayowaka inaandika.

Aliichomeka ile diski kwenye kompyuta yake kubwa, akawasha programu ya kufukua. Ikaanza kupita kurasa moja moja. Saa saba, asilimia nne. Saa nane, asilimia ishirini na moja. Wateja wangu wa paspoti wakaja, nikawapiga picha huku jicho langu liko kwa Odeta, mmoja nikamkata kichwa ikabidi nirudie. Saa tisa na robo, asilimia thelathini na nane, umeme ukakatika.

Kompyuta yake ina betri ya akiba ya kuishikilia, nayo ikaanza kulia. Betri hiyo ina dakika ishirini. Odeta alikuwa ameshatoka nje. Nilimwona anavuka kwa saluni ya jirani, na huyo jirani hawasemezani tangu mwaka jana kwa ajili ya maji machafu. Sijui alimwambia nini. Nilichoona ni waya mrefu unavutwa kutoka kwenye jenereta ya saluni, unapita juu ya mtaro, Odeta anauingiza dirishani na mwenye saluni anausukuma nyuma yake. Alipouchomeka betri ilikuwa imebaki na dakika tatu.

Saa kumi na moja kasoro kufukua kukaisha. Mafaili elfu na mia mbili. Nikashangilia, Odeta akatikisa kichwa, akanionyesha. Yalitoka yote bila majina. Jina linakaa kwenye ule ukurasa uliochanwa, kwa hiyo yaliyofukuliwa hupewa namba tu, tena ndefu. Hata kama sasa tulilijua jina la mzee, halikuwa na faida tena.

Tulizichambua video peke yake, zikawa tisini na sita. Odeta akafungua moja baada ya nyingine. Kwaya. Harusi. Vijana wa chuo wanaruka kwenye mawe ziwani. Mtoto anajifunza kutembea. Kila moja aliifungua, akaitazama, akaifunga, bila kuruka. Ya sabini na tatu ilikuwa chumba chenye ukuta wa udongo, na mzee amekaa kwenye kigoda, kofia ameiweka gotini, jicho moja jeupe. Odeta akampigia Teodora simu ya video, akaigeuza kwenye kioo. Teodora alipiga magoti kule alikokuwa, tukaona dari tu, na tukajua ndiye.

Lakini nisikufiche. Video ilikuwa imekatika. Mzee anajitambulisha, anasema ana akili zake timamu, anataja mwaka, anaanza kutaja mipaka, halafu picha inaganda. Sehemu iliyobaki ilikuwa imekaliwa na mfumo mpya. Odeta akaifukua mara ya pili na ya tatu kwa programu nyingine, ikaishia palepale. Akamwambia Teodora ukweli kwenye simu. Akamwambia pia kwamba kesho atakuja mwenyewe Buhongwa. Mimi nikasema nami naenda, maana moyo wangu ulikuwa unanisuta tangu mchana.

Jumamosi tulifika saa nne kasoro. Turubai la msiba lilikuwa bado limefungwa, chini yake watu kama ishirini. Mbele walikaa wazee watatu wa ukoo na mwenyekiti wa mtaa, na kwenye mkeka pembeni yao dada mkubwa wa marehemu mzee, bibi Justa, na fimbo yake. Tukapita tukiwashika wazee mikono, shikamoo, marahaba. Alexander alikuwa amesimama, kijana mwenye shati lililopigwa pasi, na sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa.

Odeta akakiweka kilaptop juu ya stuli, kikiwa na diski yake na ile video ndani, akakiwasha. Sekunde arobaini. Kabla hata hakijatulia Alexander akasema hii si mashine ya kaka yake. Gamba ni lenyewe, alisema, lakini ya kaka ukiwasha ilikuwa na picha ya kanisa, na rangi zake si hizi. Hii imebadilishwa tumbo. Mwenyekiti akamwambia atulie, kwanza watazame.

Mzee akatokea. Watu wakainama mbele, mama mmoja akaanza kulia. Sauti yake ilisikika vizuri kabisa. Akasema yuko na akili zake. Akasema mwaka. Akasema, "Nyumba hii ninayokaa, kuanzia barabarani mpaka kwenye lile jiwe refu..." na hapo akaganda, mdomo wazi, kidole kimenyooka.

Alexander alisubiri kidogo. Kisha akasema basi, wameona wenyewe, Malimi hakumpa mtu kitu. Na hata hayo machache wayatilie shaka, kwa sababu mashine imeingia mikononi mwa fundi, na fundi huyu amepangwa. Gladness akasimama kusema alikuwepo, babu alimaliza kusema yote. Alexander akamwambia akae, mtoto hawezi kuwa shahidi wa mama yake. Halafu akamgeukia Odeta. Akamtaka aseme mbele ya ukoo kama aligusa kitu ndani ya mashine hiyo au hakugusa.

Nilimfinya Odeta kiunoni. Lilikuwa jambo jepesi: aseme aliisafisha tu, video aliikuta hivyohivyo. Pale hapakuwa na mtu mwingine anayejua Linux wala kufukua. Nilimwona anatazama chini, nikadhani amekubali. Kisha akasimama.

Akasema aligusa. Akasema alifuta kila kitu kilichokuwemo, kwa mkono wake, siku ya Alhamisi, bila kumsubiri mwenyewe atazame, na hilo ni kosa lake, hajawahi kulifanya na amelifanya hapa. Akasema alihifadhi faili ambalo silo. Akasema waliyoyaona ndiyo aliyoweza kuyafukua, na yaliyobaki ameyaua yeye.

Teodora alikuwa amejifunika uso kwa kanga. Alexander akatabasamu, akawaambia wazee wamesikia kwa masikio yao. Nilitamani ardhi inimeze, na kwa ukweli nilitamani immeze Odeta pia.

Bibi Justa akagonga fimbo yake kwenye mkeka.

"Fundi," akasema, "ilikuwaje ukahifadhi ambalo silo?"

Odeta akamwamkia tena, akasema alimuuliza mama huyu faili linaitwaje.

"Akakujibuje?"

"Alisema la mzee, bibi. Nilimuuliza mara tatu. Mara zote alisema la mzee. Na liliandikwa jina la marehemu mzee."

"Kuna aliyekusikia?"

Odeta akatoa daftari kwenye mkoba. Bibi hajui kusoma, akaashiria lipewe mwenyekiti wa mtaa. Mwenyekiti akavaa miwani, akasoma kwa sauti: Alhamisi, Teodora wa Buhongwa, kilaptop kimoja, cha kuhifadhi, faili la mzee. Akasema sahihi ipo. Nami nikasimama bila kuulizwa, nikasema nilikuwepo, nilisikia zote tatu, na kwamba mimi ndiye niliyemharakisha fundi. Lilinitoka tu. Nikakaa.

Bibi Justa akaigeukia ile picha ya kaka yake iliyoganda, akaitazama. Kisha akaongea, wala hakupaza sauti.

"Kaka yangu yuko kaburini. Huyu alikuwa Buzuruga, kwa watu wasiomjua, hakuna wa kwetu aliyemwona. Jina moja tu lingeokoa nyumba yake, na akashindwa kulitamka. Leo hapa, mtoto wa kumzaa amemtaja baba yake kwa jina kama anamtaja mwenzake wa mpirani. Sasa mnataka niamini kwamba huyu asiyeweza hata kumtaja jina ndiye aliyemtungia maneno?"

Alexander alianza kusema jambo, mzee mmoja akamwinulia kiganja. Wazee wakainuka wakaenda pembeni ya zizi, wakaongea si zaidi ya robo saa. Waliporudi, mkubwa wao akasema mzee alikuwa ameanza kuonyesha mpaka, barabarani mpaka jiwe refu, na mtu haonyeshi mpaka wa kitu asichokigawa. Nyumba na kiwanja hicho ni vya Teodora na watoto. Alexander ana sehemu yake upande wa bondeni, na fremu zake akajenge huko. Mwenyekiti akaandika. Teodora alitambaa kwa magoti mpaka kwenye mkeka wa bibi Justa, akalala kifudifudi miguuni pake, na bibi akawa anampigapiga mgongoni kwa kiganja kama anayembembeleza mtoto wa kunyonya.

Tukiwa kwenye bajaji kurudi nilimwambia Odeta kwamba angekubali ule uongo wangu tungekuwa tumemzika yule mama. Akasema mficha uchi hazai. Basi, hakuongeza lingine mpaka Buzuruga, nami nilijua safari hii si mimi aliyenikasirikia, ni nafsi yake. Alipofika alichukua kitambaa akafuta vioo vyote vya mezani, kisha akavuka akaenda kumshukuru mwenye saluni.

Jumatatu Teodora alikuja na samaki sato wawili wamefungwa kwenye jani la mgomba. Alitaka faili linakiliwe kwenye flash tatu, moja kwa kila mtoto. Odeta akamwonyesha kwenye kioo kwamba bado lina ile namba ndefu lililotoka nayo, akamwambia anaweza kuliandika jina lolote analotaka, au Gladness amwandikie. Teodora akaitazama namba ile, akasema liache hivyohivyo.

Odeta akafungua daftari akaandika: faili la mzee. Teodora akatia sahihi, kisha akakaa kwenye kiti changu chekundu akalitazama kwenye flash ya kwanza, ya pili na ya tatu, kila mara mpaka pale linapokatika, na mimi sikumharakisha.